Gobore la babu lilifuliwa na nani?

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaaga nikiwa stendi ya Shinyanga na begi moja mgongoni, na kuna waliouliza kama nimeamua kuacha kalamu nikamate sururu. Bado sijafika huko. Leo nalipa deni. Hadithi yenyewe ni ya bunduki, ila msikimbie, hakuna aliyepigwa risasi.

Ilikuwa Septemba 2023. Ofisi ilikuwa imenituma Shinyanga kufuatilia habari ya pamba, habari ambayo mhariri aliikata mpaka ikabaki aya tatu, lakini hilo tuliache. Usiku mmoja nikiwa gesti simu ikaita. Baba mdogo kutoka Geita. Sasa, baba mdogo wangu hapigi simu, anabipu. Tangu niwe na simu sijawahi kuona salio lake likitumika kwa ajili yangu. Ilipoita mara ya tatu bila kukatika nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, wewe si ndiye uliyesoma? Njoo uniambie hili gobore la babu yako lina umri gani."

Nikamuuliza kama amelewa. Hakuwa amelewa. Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, serikali ilikuwa imetangaza msamaha: mwenye silaha anayoimiliki kinyume cha sheria aipeleke polisi, serikali ya kijiji au kwa viongozi wengine, naye hataulizwa kitu. Mwaka 2022 ulikuwepo msamaha kama huo, ukapita, gobore likabaki chini ya kitanda. La pili, na hili ndilo lililomfanya anunue vocha, kuna dalali wa dhahabu pale Katoro alikuwa amemwambia kwamba Ulaya kuna watu wanakusanya bunduki za kale, na kwamba lile la babu, likithibitishwa kuwa la zamani za Mirambo, linaweza kuleta milioni nane.

Milioni nane. Mnaoijua hali ya wachimbaji wadogo mtaelewa. Duara la baba mdogo lilikuwa limejaa maji tangu masika, na mashine ya kuvuta maji alikuwa ameikodi kwa mkopo. Mwenye mashine alikuwa ameanza kupita nyumbani asubuhi asubuhi, kabla watu hawajaamka.

Basi nikaaga gesti. Shinyanga hadi Kahama ni lami, unalala usingizi wako. Kutoka Kahama kupitia Kakola, pale ulipo mgodi wa Bulyanhulu, ndipo vumbi lilipotupokea. Nilifika kwa baba mdogo nikiwa na rangi ya udongo kuanzia kope hadi soksi. Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko kati ya Katoro na Nyarugusu, na mkifika mtaona mahindi upande huu, maduara upande ule, na katikati watoto wanaouza maji ya mfuko.

Niwaambie kwanza kuhusu lile gobore. Kila mtoto wa kiume wa ukoo wetu amelelewa nalo. Hadithi ni kwamba babu wa babu alikuwa rugaruga wa Mtemi Mirambo, akapigana vita vile vya kuanzia 1871 dhidi ya Waarabu wa Tabora, na kwamba Mirambo mwenyewe alimkabidhi bunduki ile kwa mkono wake. Mirambo akafa mwaka 1884, bunduki ikabaki, ikarithiwa. Darasa la sita niliandika insha juu yake nikapata alama zote, na nikaongeza uongo kidogo kwamba ina tundu la risasi ya Mjerumani kwenye kitako. Babu mwenyewe, mwenye kuirithi mwisho, aliitumia kwa kanga wa porini na kuwatishia nguruwe waliokuwa wakila mihogo. Ilipoanza sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wote walitoka na pinde na mishale kama ulivyokuwa utaratibu, yeye peke yake akatoka na gobore. Wakamrudisha nyumbani. Walisema linapiga kelele, litawaamsha wezi.

(Kwa wasiojua: sungusungu wa huku walianza hasa kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na wizi ule ulikuwa umekuwa mbaya zaidi kwa silaha zilizozagaa baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Mtu mwenye mshale dhidi ya mtu mwenye bunduki ya kivita. Walishinda kwa wingi wao na kwa filimbi.)

Baba mdogo akalitoa. Lilikuwa limeviringishwa kwenye gunia la pamba, kisha kwenye kanga iliyochanika yenye maandishi ambayo hayasomeki tena. Refu, linanifika begani. Kitako kimefungwa waya wa shaba mahali palipopasuka. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, haupo, nafasi yake kumechomekwa kijiti. Nikahakikisha mambo mawili kabla ya yote: kwamba halina kitu ndani, na kwamba watoto wako nje.

Halafu nikakaa chini nikalitazama kama mtu anayesoma barua ya posa.

Mimi si mtaalamu wa silaha. Lakini miaka kadhaa nyuma niliwahi kuandika makala ya njia ya misafara ya Tabora, nikasoma mengi kuliko yaliyochapishwa, na mengine yalibaki kichwani. Kiswahili chenyewe kina elimu ya kutosha ukikisikiliza. Wazee wa pwani hawakusema bunduki tu. Walisema bunduki ya mrao, yaani ile inayowashwa kwa utambi. Wakasema bunduki ya gumegume, ambayo mtambo wake umeshika jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Kisha ikaja bunduki ya fataki, ambayo mtambo unagonga kikofia kidogo chenye baruti kali. Ukiyajua maneno hayo matatu tayari umepanga bunduki za karne mbili tatu kwa umri. Jeshi la Waingereza, kwa mfano, liliachana na gumegume na kuingia kwenye fataki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830. La babu lilikuwa la fataki. Kwa hiyo haliwezi kuwa la kale kupita hapo, wala haliwezi kutajwa kuwa la wakati wa mababu wa Mirambo.

Zilikuwa zikija namna gani? Kwa meli hadi Zanzibar, kisha mabegani mwa wapagazi hadi Tabora na kwingineko. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Zanzibar, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki zinazoingia sehemu hii ya Afrika ni kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Rudia kusoma hiyo namba. Nyingi zilikuwa masalia. Jeshi la Ulaya likibadilisha silaha, za zamani hazitupwi, zinauzwa. Waingereza walipoacha Enfield ya mwaka 1853, ile ya kushindilia mdomoni, wakachukua Snider katikati ya miaka ya 1860 na baadaye Martini-Henry mwaka 1871, zile Enfield zilitafuta wanunuzi wapya, na wanunuzi tulikuwa sisi. Mbali na masalia, zilikuwepo zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya Afrika, bei rahisi, kule Birmingham na kule Liège Ubelgiji.

Kisha mwaka 1890 wakubwa wakakutana Brussels wakaweka mkataba. Pamoja na mambo ya kukomesha biashara ya utumwa, walipiga marufuku kuingizwa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani walituchagulia bunduki ya babu zao. Hapo mtaelewa kwa nini gobore limeishi huku muda mrefu hivyo. Hatukulipenda kuliko mengine. Ndilo tulilobakishiwa, na likiharibika hakuna duka la vipuri.

Turudi chini ya mwembe.

Kwenye bamba la mtambo, baada ya kulisugua taratibu kwa kitambaa, zikatokea herufi: TOWER. Juu yake taji lililofutika nusu. Mwaka haupo. Baba mdogo akaruka. "Nilikwambia! Hiyo ni Uingereza!"

Nilimwacha afurahi kidogo, kisha nikamwambia ukweli. Ni kweli kwamba bunduki za jeshi la Waingereza zilipigwa neno hilo na taji, kutokana na ghala la silaha la Mnara wa London. Lakini jina lilipopata sifa Afrika, mafundi wa Birmingham na wa Liège walikuwa wakilipiga hata kwenye bunduki ambazo hazijawahi kuuona huo Mnara. Mnunuzi wa Tabora alitaka kuona TOWER, akapewa TOWER. Kama wewe na mimi tunavyonunua viatu Kariakoo. Bunduki ya jeshi mara nyingi ingekuwa na mwaka kwenye bamba. Hii haina. Na taji lenyewe limekaa upande, kama mpigaji alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Liège hasa ilikuwa na mtindo wake. Hapakuwa na kiwanda kimoja kikubwa tu. Familia moja inafanya mitutu, nyingine mitambo, nyingine vitako, kila mtu nyumbani kwake, kisha mfanyabiashara anakusanya na kuunganisha. Wengi wa mafundi hao jina lao halipo popote isipokuwa herufi mbili zilizofichwa upande wa ndani wa bamba. Nina rafiki tuliyesoma naye anayeishi Ubelgiji sasa. Nilimtumia picha, naye Jumamosi akaenda mpaka makumbusho ya Grand Curtius pale Liège, kwenye mkusanyiko wa silaha, akanirushia picha za mitambo inayofanana na wetu kama mapacha. Akaniuliza swali moja tu: alama ya majaribio iko wapi?

Hapo ndipo kesi ilipogeuka.

Kila mtutu wa Liège, kwa amri iliyowekwa mwaka 1810 enzi za Napoleon, ulitakiwa kujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ukisalimika unapigwa muhuri: herufi ELG ndani ya yai dogo. Birmingham nao walikuwa na nyumba yao ya majaribio kwa sheria ya 1813, na muhuri wao ni fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji. Mihuri hii hupigwa kwenye mtutu, karibu na mtambo. Nilitafuta kwa tochi, kwa kidole, kwa karatasi na penseli. Hakuna yai, hakuna fimbo, na hakuna dalili kwamba kuna kitu kilikwanguliwa. Badala yake nikaona makovu ya nyundo, madogo madogo, yameenda kwa mstari kama nyayo za kuku. Na chini, mahali ambapo mti wa kitako huficha, mikato mitatu. Miwili imesimama, wa tatu umelala.

Kitako nacho kilijisema chenyewe. Bunduki za Ulaya nyingi zina mti wa jozi. Huu ulikuwa mninga, mwekundu, wa misitu ya huku huku. Kwa hiyo tulikuwa na mtambo wa Ulaya, mti wa Usumbwa au Unyamwezi, na mtutu wa mtu asiyejulikana.

Baba mdogo hakupenda. "Kwa hiyo ni feki?"

Nikamwambia si feki, ni chotara. Akasema chotara halileti milioni nane.

Jioni, tukiwa tunakula michembe na maziwa, nilikuwa nasimulia haya yote kwa sauti, najiona profesa. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na moto. Bibi yangu haoni vizuri, mtoto wa jicho, na ana tabia ya kunyamaza mpaka watu wasahau kwamba yupo. Akasema, "Lete hapa."

Sikumbuki kama nimewahi kumwona mwanamke wa ukoo wetu akilishika lile gobore. Baba mdogo alisita. Bibi akanyoosha mkono, akangoja. Alipopewa hakushughulika na mtambo wala na lile neno TOWER. Alipeleka vidole moja kwa moja chini ya mtutu, kwenye ile mikato, akaigusa mmoja mmoja. Wa tatu akaurudia.

"Huu ni wa kwetu," akasema.

Tukadhani anamaanisha kwetu sisi. Akamtuma mjukuu wake wa kike aingie ndani, nyuma ya mtungi, alete kitu kilichofungwa kwenye ngozi. Lilikuwa jembe. Si jembe la dukani, jembe la zamani, pana, lenye umbo kama moyo na mkia mrefu wa kuchomeka kwenye mpini. Kwenye mkia, mikato mitatu. Miwili imesimama, wa tatu umelala.

Baba wa baba yake bibi alikuwa Mrongo.

Wadau, mimi nimezaliwa katika familia ile na sikulijua hilo. Warongo, kwa wasiowajua, ndio waliokuwa wafua chuma wa ukanda huu, kuanzia Geita kuelekea Biharamulo. Walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha kwenye matanuri ya udongo kwa mkaa na mivuo, wakafua majembe. Majembe yao na ya jirani zao wa Uzinza yalisambaa Usukuma yote na kufika masoko ya Tabora. Jembe lilikuwa kifaa, lilikuwa pesa, na lilikuwa mahari. Kabla Wajerumani hawajagundua dhahabu hapa Geita mwaka 1898, udongo huu ulikuwa tayari una wachimbaji wake, ila walichokitafuta ni chuma. Kilichowaua kibiashara ni jembe la kiwandani kutoka Ulaya, jepesi na la bei ndogo. Matanuri yakazimika moja baada ya lingine katika enzi ya ukoloni. Ufundi wa kufua uliendelea kwa vyuma chakavu, na fundi aliyejua kufua jembe akawa ndiye anayeletewa kila kitu kilichovunjika. Pamoja na bunduki.

Alivyosimulia bibi, bunduki ya kwanza, ile ya hadithi, ilipasuka. Mtutu ulipasuka mkononi mwa mwenyewe, ukaondoka na vidole viwili. Hilo la vidole wanaume wa ukoo walilijua, ila walilisimulia kama jeraha la vita. Aliyepasukiwa akabeba mabaki akaenda nayo kwa Mrongo, akakaa huko siku nyingi mpaka ikatengenezwa nyingine kuzunguka mtambo uleule. Hakuwa na cha kulipa cha kutosha. Miaka ikapita, deni likawa urafiki, na urafiki ule ndio uliokuja kumleta bibi kuolewa na babu. Jembe alikuja nalo siku ya harusi.

"Kwa nini hukuwahi kusema, bibi?"

"Mliniuliza? Mlikuwa mkimwuliza babu yenu, na babu yenu alikuwa anapenda Mirambo."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na haki nayo. Nilikuwa nimempata fundi, mtu halisi, na alama yake kwenye vyuma viwili. Sijui kama mkusanyaji yeyote wa Ulaya amewahi kupata ushahidi wa namna hiyo akiwa amekaa kwenye kigoda. Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, baba mdogo alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu ambaye hajalala, na deni la mashine lilikuwa palepale.

Asubuhi tuligombana. Yeye alitaka niandike karatasi, kwa kimombo, inayosema bunduki ni ya mwaka 1860 na ushee, niweke na cheo changu cha uandishi. Dalali alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Nikamweleza kwamba hata uongo huo haumsaidii. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863 ni malikale, huwezi kuvitoa nje bila kibali cha serikali. Kwa hiyo likiwa la kale sana ni kosa la malikale, na likiwa si la kale ni kosa la silaha tu. Maana gobore nalo ni silaha mbele ya sheria ya mwaka 2015, hata kama linafungwa waya.

"Wewe nilikuita uje unisaidie au unifunge?"

Sikuwa na jibu. Nilijua vizuri kwamba mimi nitapanda basi nirudi mjini na hadithi nzuri, na yeye atabaki na mwenye mashine. Nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni, akakipokea bila kunitazama. Siku mbili hakunisemesha. Alikuwa anaongea na mimi kupitia watoto: "Mwambieni kaka yenu maji ya kuoga yako tayari."

Aliyemaliza mambo ni mama mdogo. Yeye hakuwa na habari na Liège wala na Mirambo. Alisema wanaowavizia wanunuzi wa dhahabu usiku njiani wengine hutumia magobore, na siku polisi wakipita nyumba kwa nyumba hawatauliza hadithi ya babu, watauliza kibali. Na kwamba watoto wanalala juu ya kitanda kile. Alisema hayo akiwa anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa. Baba mdogo akanyanyuka akachukua kofia.

Kabla ya kuondoka nilipiga picha kila upande, nikachora ile mikato kwa penseli juu ya karatasi. Bibi akaomba kulishika mara ya mwisho, akasema "wabeja", sijui alimwambia nani.

Kituoni tulipokelewa vizuri. Ofisa alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye mwandiko mzuri. Mezani kulikuwa tayari na magobore mengine manne na bunduki moja ya kisasa ambayo hakuna aliyekuwa anaiangalia moja kwa moja. Akalipima letu kwa macho, akaligeuza, akatafuta namba. Siku hizi namba ndiyo kila kitu. Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, kwamba kila silaha ipigwe alama ya kuitambulisha imetoka wapi na ni ya nani.

"Namba hakuna," akasema akiandika. "Mtengenezaji?"

Baba mdogo akanitazama. Siku tatu za kununa zikaishia kwenye jicho lile.

"Mrongo," nikasema.

"Mrongo ndiyo kampuni?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa dakika kama tano, matanuri, majembe, mikato mitatu, nikamwonyesha na mchoro. Kijana wa watu alisikiliza mpaka mwisho, hata akauliza swali moja zuri, kama mikato ile ilikuwa ya fundi mmoja au ya ukoo. Sikujua. Kisha akainamisha kichwa akaandika: gobore moja, la kienyeji, bovu. Niliuliza kama linaweza kupelekwa makumbusho badala ya kuteketezwa na silaha nyingine. Akasema hilo liko juu ya uwezo wake, niandike barua kwa wahusika. Niliandika. Barua ya pili niliipeleka mwenyewe kwa mkono, na nakala yenye muhuri wa mapokezi ninayo hadi leo.

Jembe bibi amekataa hata kunionyesha tena. Amelirudisha nyuma ya mtungi.

Jana usiku baba mdogo alibipu. Nilipompigia alisema duara limekauka, wamefikia mwamba, na wenzake wanasema unaonyesha dalili. Tukaongea habari za mvua, za mama, za bei ya gramu. Mwishoni akashusha sauti, akaniuliza kama yale majembe ya zamani, yenye alama, nayo huko Ulaya kuna watu wanayakusanya.